Haraka ya Kuondoka, Utulivu wa Mlangoni: Somo Kutoka Bonde la Rufiji

Wazee wetu wametuachia methali mbili ambazo kwa mtu wa juu juu huonekana zinagombana. Ya kwanza yasema haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtoto wa chuoni akizisikia zote mbili kwa siku moja huuliza: basi tufanye lipi, tukimbie au tungoje? Swali hilo si la mchezo. Katika bonde la Rufiji na delta yake, kujua wakati wa kufuata methali hii na wakati wa kufuata ile kumekuwa ndiyo tofauti baina ya jamaa waliofika mlimani mchana na jamaa waliokutwa na usiku juu ya paa.

Siku hizi wako wataalamu wanaokaa na kompyuta wakihesabu namna watu wengi wanavyoondoka pamoja panapotokea khatari: moto, mafuriko, au msongamano. Elimu yao ni mpya, bali mambo wanayoyahesabu ni ya zamani. Twataka tuyatazame kwa kupitia historia ya Rufiji na Kibiti, kisha tuone yanatupasa nini katika nyumba zetu, misikiti yetu na vyuo vyetu.

MTO NA WATU WAKE

Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, ukapita katika korongo la mawe liitwalo Stiegler, kisha ukatandaa katika bonde pana mpaka baharini, mkabala wa kisiwa cha Mafia. Ukikaribia bahari hugawika mikono mingi, na baina ya mikono hiyo pana mikoko ya zaidi ya hekta 50,000, ambayo hakuna msitu wa mikoko ulioungana unaoushinda kwa ukubwa katika Afrika Mashariki. Delta hiyo kwa sehemu kubwa imo leo katika wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka wilaya ya Rufiji.

Wenyeji wa bonde hawakuyahesabu mafuriko kuwa adui. Yalikuwa riziki. Mpunga ulipandwa kwa mvua za mwanzo, maji ya masika yakaja mwezi wa Aprili na Mei yakaukuta umesimama, ukavunwa Juni na Julai. Maji yakiondoka huacha udongo mweusi wenye unyevu, na humo watu wakapanda mahindi, kunde na pamba bila kungoja mvua. Hicho ndicho kilimo cha mlao. Mwaka ambao mto haukupanda ulihesabiwa kuwa mwaka mbaya. Mashambani walijenga madungu, yaani vibanda vilivyonyanyuliwa juu ya miti, wakalala humo wakilinda mpunga na ndege na nguruwe, na maji yakipita chini yao. Mtumbwi ulifungwa penye ngazi kama vile sisi wa mjini tunavyoegesha baiskeli uani.

Lakini lipo jambo moja katika umbile la bonde hili ambalo ndilo roho ya maneno yetu. Kingo za mto ziko juu kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Mto ukifurika, mchanga mzito hutua kwanza karibu na ukingo, na kwa miaka mingi ukingo huinuka. Watu, kwa akili njema, wakajenga juu ya ukingo huo. Ama nyuma yao, baina ya ukingo na mwinuko wa mbali, pana ardhi ya chini yenye mabwawa na vijito. Maji yakipanda hupita katika vijito na kujaza nyuma kwanza. Mwenye nyumba hutazama mtoni mbele yake akaona maji bado yako mbali na kizingiti, akasema moyoni, “Tungali salama.” Kumbe njia ya kwenda mlimani imekwisha katika. Maji ya Rufiji hayabishi hodi mlango wa mbele. Huja kwa mlango wa uani.

Katika delta huongezeka jambo la pili, nalo ni bahari. Mikono ya mto hupanda na kushuka kwa maji kujaa na kupwa. Maji ya mto yakiteremka kwa nguvu, na bahari nayo ikawa katika bamvua, maji hayana pa kwenda ila kusimama na kutapakaa. Na katika vijito vidogo mtumbwi haupiti kila saa. Lazima ungoje maji yajae. Kwa hiyo mtu wa Salale, Mbuchi au Maparoni hatazami mvua peke yake. Hutazama mvua, hutazama mwezi, kisha hutazama saa ya maji.

MWAKA 1968 NA OPERESHENI RUFIJI

Masika ya mwaka 1968 yalileta mafuriko makubwa. Baada ya hapo Serikali ikaamua kuwa watu wa bondeni wasiendelee kukaa penye njia ya maji, wahamie katika vijiji vilivyopangwa juu ya mwinuko, khasa upande wa kaskazini wa mto. Hiyo ndiyo iliyoitwa Operesheni Rufiji. Ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo za kuhamisha watu katika nchi yetu, kabla ya zile kubwa za vijiji zilizofuata katika miaka ya 1970. Mwaka 1974 mto ukapanda tena kwa nguvu.

Waliopanga uhamisho ule walikuwa na hoja iliyo sahihi: nyumba iliyoko mlimani haisombwi na maji. Walichokisahau ni kwamba shamba halikupanda mlima pamoja na nyumba. Udongo wa riziki ulibaki bondeni. Mkulima akawa na mwendo mrefu kila siku, na nguruwe hawamngojei mtu anayekuja saa tatu. Basi msimu ukifika watu wakarudi kwenye madungu yao na kukaa huko na watoto wao miezi kadhaa. Mji ukawa mlimani, na moyo ukabaki bondeni. Na msimu wenyewe wa kulinda mpunga ndio msimu wa mafuriko. Yaani mtu alihamishwa kwa ajili ya khatari, kisha njaa ikamrudisha kwenye khatari ile ile wakati ule ule.

Mwaka 1978 mafuriko yalifanya jingine. Maji mengi ya mto yaliacha njia za kusini za delta yakaelekea mikono ya kaskazini. Kusini chumvi ikazidi, na wakulima wa mpunga wakafuata maji baridi kaskazini. Huku nako ni kuhama, lakini hakuna aliyewaamrisha. Twajifunza hapa kwamba watu huenda panapo maisha yao, na kila hesabu ya kuwaokoa ambayo haihesabu shamba, mtumbwi na ghala, ni hesabu yenye pengo.

MASIKA YA 2024

Tusidhani hayo yamepita. Mvua za mwaka 2023 na 2024, zilizotiwa nguvu na El Niño, zilijaza mito ya nchi nzima. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022 pale pale penye korongo la Stiegler, lilikuwa limejaa, na milango ikafunguliwa maji yapite. Mwezi wa Aprili 2024 vijiji vya Rufiji na Kibiti vikaingiliwa na maji. Mashamba yalizama mpunga ukiwa haujavunwa, watu wakachukuliwa kwa boti na wengine wakakaa kambini. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa nchini kote watu 155 wamefariki, 236 wamejeruhiwa, na zaidi ya 200,000 wameathirika.

Kabla watu hawajakauka nguo, kikaja kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei, kikapita upande wa Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha tangaza mapema, na vyombo vya baharini vikasimamishwa. Hilo ni jambo la kushukuru: neno lilitangulia upepo. Lakini mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, na ndugu zetu wa kusini wakawa kama watu wa nyumba yenye mlango mmoja uliofungwa.

ELIMU YA UMATI

Sasa tuwasikilize wataalamu. Mwaka 2000 mabwana watatu, Dirk Helbing wa Ujerumani na Illés Farkas na Tamás Vicsek wa Hungaria, walitoa katika jarida la Nature hesabu yao ya watu wanaokimbia kutoka chumbani. Ndani ya kompyuta walimfanya kila mtu kuwa kama punje iliyo na nia. Ile nia humvuta kuelekea mlangoni, na miili ya wenzake na kuta humsukuma nyuma. Kisha wakaongeza mwendo ambao kila mtu anautaka, wakahesabu watu wangapi wanatoka.

Chukua faneli uimiminie mchele. Ukimimina polepole, mchele unapita. Ukimimina kwa pupa, punje hukabana mdomoni zikajenga tao, zikashikana, na hakuna inayopita mpaka utikise. Hivyo ndivyo walivyoona. Watu wakitaka kutoka kwa mwendo wa kiasi, mlango unapitisha wengi. Wakizidisha haraka kupita kiasi, hujenga tao mlangoni kwa mabega yao, na wanaotoka wanapungua. Anayeanguka huwa kizuizi kwa wa nyuma yake. Haraka haraka haina baraka: wazee walilijua kwa uzoefu, hawa wakalionyesha kwa hesabu.

Jambo la pili ni nafasi. Katika safu zetu za sala, eneo la mraba wa mita moja kila upande halichukui zaidi ya watu wawili hivi. Umati unaotembea ukiwa hivyo, kila mtu humiliki mwili wake. Wakifika wanne au watano, mwendo huwa wa kujikokota. Mhandisi wa Marekani John Fruin alionyesha kwamba wakifika kiasi cha saba katika mraba ule, umati huwa kama maji: mtu hachagui tena aende wapi, hunyanyuliwa na kupelekwa. Na wanaokufa hapo aghlabu hawafi kwa kukanyagwa kama magazeti yasemavyo. Hufa wamesimama, kifua kimebanwa hata pumzi haiingii. Aliye nyuma anayesukuma hana habari kabisa kwamba mbele mtu anakata roho.

Jambo la tatu ni kuchelewa kuanza. Wataalamu walipochunguza misiba ya moto waliona mara nyingi muda uliopotea kabla ya watu kunyanyuka ni mrefu kuliko muda wa kutembea mpaka nje. Mtu husikia kengele, akamtazama jirani. Jirani naye anamtazama yeye. Kila mmoja akimwona mwenzake ametulia hudhani hapana neno. Na wakianza, hurudi kwa mlango ule walioingilia, wakaacha mlango mwingine ulio karibu uko wazi hauna mtu.

Basi, ndugu yangu, zile methali mbili hazigombani. Ngoja ngoja ni ya kabla ya kuondoka: hapo usingoje. Haraka haraka ni ya njiani na mlangoni: hapo usisukume.

YALIYOTOKEA MINA

Hakuna mahali duniani palipofunza elimu hii kwa gharama kubwa kama Mina. Tarehe 2 Julai 1990 mahujaji 1,426 walifariki katika njia ya chini ya mlima ya Al-Muaisim. Tarehe 12 Januari 2006 walifariki zaidi ya 340 penye Jamarat. Picha za siku ile zilichunguzwa na Helbing na wenzake, pamoja na mhandisi wa Saudi Arabia Habib Zein Al-Abideen. Wakaona msiba haukuja ghafla. Kwanza watu walitembea sawasawa. Kisha wakaanza kwenda na kusimama, kwenda na kusimama, kama wimbi. Kisha umati ukatikisika huku na huko bila mpango. Yale mawimbi ya kwenda na kusimama yalikuwa ni onyo. Daraja la zamani likabomolewa, likajengwa la ghorofa nyingi, njia ya kwenda ikatengwa na ya kurudi, na makundi yakapangiwa saa. Hata hivyo, tarehe 24 Septemba 2015, katika barabara ya kuelekea huko, makundi yalikutana na kubanana, na hesabu rasmi ya Saudi Arabia ikawa watu 769. Hesabu za nchi nyingine ukizijumlisha zinapita 2,000. Daraja jipya halitoshi ikiwa njia ya kulifikia imeziba.

Nasi Waislamu tulikuwa na somo hili tangu mwaka wa 10 wa Hijria. Yasimuliwa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alipoondoka Arafa katika Hija ya Kuaga, alimkaza ngamia wake hatamu, akawaashiria watu kwa mkono watulie. Na Usama bin Zaid, aliyekuwa amepakiwa nyuma yake, alieleza kwamba palipokuwa na watu alikwenda mwendo wa kiasi, na alipopata nafasi wazi alizidisha mwendo. Itazame khabari hiyo kwa jicho la hawa wataalamu: mwendo unafuata nafasi iliyopo, haufuati pupa ya moyo.

Na liko kubwa zaidi. Usiku wa Muzdalifa bibi Sauda aliomba ruhusa ya kutangulia Mina kabla ya watu kusongamana, akaruhusiwa. Na wanyonge wa jamaa ya Mtume, akiwemo Ibn Abbas aliyekuwa mdogo, wakatangulizwa usiku. Wenye nguvu wakabaki mpaka alfajiri. Hawakungojwa wanyonge wabanwe ndipo waokolewe. Walitangulizwa njia ikiwa nyeupe.

MISIBA YA NYUMBANI

Twaweza kudhani mambo hayo ni ya miji mikubwa ya mbali. La. Siku ya Idi, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa pumzi katika ukumbi wa dansi mjini Tabora, waliosongamana humo kusherehekea. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi Mbagala, mahali ambapo kila mtu wa Kibiti hupita akienda Dar es Salaam. Watu walikimbia bila kujua waendako, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao, kwa sababu familia nyingi hazikuwa na mahali walipoagana kukutana. Tarehe 21 Machi 2021 watu 45 walipoteza maisha katika uwanja wa Uhuru walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Watu wale walikwenda kwa huzuni na heshima. Hakuna aliyekwenda kwa ubaya. Umati hauuliziwi nia yake. Huuliziwa nafasi yake na milango yake.

Na kwa upande wa mabweni: Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea, madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja katika miwili umefungwa. Tarehe 14 Septemba 2020 watoto 10 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilaya ya Kyerwa. Sisi walimu wa vyuo ambao wazazi hutukabidhi watoto walale kwetu, khabari hizi zatuhusu kabla hazijamhusu mwingine.

HESABU YA KIJIJI

Si lazima uwe na kompyuta. Twaa kete au punje za kunde, ukae na wanafunzi wako, ufanye hesabu hii. Tuseme kijiji kina watu 600 na mitumbwi 10. Kila mtumbwi unachukua watu watano, mbali na mpiga kafia. Kwenda mlimani na kurudi ni saa mbili. Kila safari moja ya mitumbwi yote itatoa watu 50. Basi zatakiwa safari 12, yaani saa 24. Mchana una saa 12, na usiku mtumbwi ndani ya maji ya kasi yenye magogo si wa kupanda. Kwa hiyo kijiji hicho chahitaji siku mbili nzima, na mto haukuahidi siku mbili.

Sasa tuseme wameondoka siku moja kabla, njia ikiwa kavu. Watu 600 wakipita mmoja mmoja katika ujia, kila mmoja nyuma ya mwenzake kwa sekunde mbili, wa mwisho atatoka kijijini dakika 20 baada ya wa kwanza. Mwendo ukiwa wa saa mbili au tatu, adhuhuri itawakuta wote mlimani, na mitumbwi itakuwa haina kazi ila kubeba wazee, wagonjwa na magunia. Hapo utaona kwamba kungoja siku moja hakukugharimu siku moja. Kumekugharimu njia yenyewe.

Fanya hesabu kama hiyo ya msikiti wako. Mlango wenye upana wa mita moja hupitisha takriban mtu mmoja kwa sekunde, wakitoka kwa utulivu. Waumini 400 kwa mlango mmoja ni dakika saba hivi. Kwa milango miwili ni nusu yake. Lakini angalia kizingiti chako siku ya Ijumaa: viatu vimejaa kama dagaa. Kiatu kimoja chatosha kumwangusha wa kwanza, na wa kwanza akianguka wa nyuma hawamwoni.

YASIYOHESABIKA

Pamoja na faida zake, hesabu hii ina upungufu, na wataalamu wenyewe wanaukiri. Mwanadamu si punje. Mama hatoki mpaka awahesabu wanawe. Mjukuu hamwachi bibi yake kipofu. Waliochunguza misiba mingi wamekuta kwamba watu katika khatari hawageuki wanyama kama isemwavyo. Wengi husaidiana, hata wasiojuana. Kinachowaponza mara nyingi ni kukosa khabari ya kweli kwa wakati, na kukosa njia.

Na mtu wa bondeni anapokataa kuondoka, tusikimbilie kumwita mkaidi. Mpunga wake uko shambani umeinamia kuiva. Amekwisha sikia maonyo mengine ambayo maji hayakufika. Akiacha nyumba, nani ataitazama? Anayemwambia “Ondoka” lazima ajibu maswali hayo: mpunga utahifadhiwa wapi, nani atalinda, na atakula nini huko aendako. Neno lisilo na majibu hayo halina miguu. Hapo ndipo Operesheni Rufiji ilipopungukiwa, na ndipo kila mpango wa kesho utapungukiwa usipoangalia.

YATUPASAYO

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Kamati hizo zisibaki katika karatasi. Imamu na mwalimu wa chuo waingie humo, kwani neno la mtu anayezika maiti zetu na kufunza watoto wetu huaminiwa upesi. Kipaza sauti cha msikiti ni mbiu ya mgambo ya zama zetu. Kisitumike kutangaza maneno ya kubahatisha, ili siku kikilia kwa jambo, kila mtu anyanyuke.

Wenyeji wa bonde waweke alama juu ya mti au nguzo penye kijito cha nyuma, si penye ukingo wa mto. Maji yakifika alama ile, wanyonge waondoke siku hiyo hiyo: wazee, wajawazito, watoto na wagonjwa, kama walivyotangulizwa wale wa Muzdalifa. Wenye nguvu wafuate na mizigo. Kila nyumba iwe imekwisha agana mahali pa kukutana, na kila mtoto alijue jina la mahali hapo kama alijuavyo jina la baba yake.

Misikitini, milango ifunguke kwa nje na viatu vipewe mahali pake pembeni. Vyuoni, bweni liwe na milango miwili isiyotiwa kufuli kwa nje wakati watoto wamelala, na dirisha mojawapo nondo zake zifunguke kwa ndani. Mara moja kila muhula tuwatoe watoto usiku kwa mazoezi, tuwahesabu nje kwa majina. Fundi wa kijijini aweza kuifanya kazi hiyo kwa siku mbili, na gharama yake haizidi ya karamu ya Maulidi moja.

Ndugu Msomaji, kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumzuii mtu kumfunga ngamia wake, wala mtumbwi wake. Masika hurudi kila mwaka. Usiku wa leo, kabla ya kulala, watazame wa nyumbani mwako, uzihesabu roho, uihesabu milango, kisha uwaulize: likitokea jambo, tutakutana wapi? Wakikujibu wote mahali pamoja, mmeanza vizuri. Wakikujibu mahali mbalimbali, mkae mkubaliane kabla taa haijazimwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia kwa maji, kwa moto na kwa msongamano, na ayajaalie maji ya Rufiji yaendelee kuwa riziki. Amin.

Wassalaam.